Redio ya babu: usikimbilie gundi

Kaka wa Mikindani, unasema vinia (ubao mwembamba wa juu) ya sanduku la redio ya babu, ile ya valvu (taa za kioo za ndani), inabanduka na unataka kulivisha upya. Kwanza chomoa waya, umpe fundi atoe mashine; kapasita zake, vifaa vinavyotunza umeme, huweza kubaki nao hata redio ikiwa imezimwa.

Unyevu wa pwani yetu hulegeza gundi za zamani mbao ikiwa bado nzima. Mara nyingi pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa chenye unyevunyevu, kisha jiwe zito usiku kucha, hurudisha palipofura. Palipokatika ndipo ubandike vinia mpya ya mninga, ukifuata nyuzi za mbao. Plastiki ya kunata mimi siipendi, inaficha tu. Kitambaa cha spika kiwe chepesi: ukikipuliza, pumzi ipite.