Ukitaka mtarakwa uani, anza hivi

Ukipata kiwanja Limuru, Molo au Nyandarua, majirani watakuhimiza upande saipresi kwa kuwa inakua haraka. Ipande ukitaka, lakini nakuomba uache nafasi ya mtarakwa. Huu ni mti wetu wa milimani, kijani mwaka mzima, na katika jenasi yake, Juniperus, ndio pekee unaoota wenyewe hadi kusini mwa ikweta. Nguzo zake haziliwi kirahisi na mchwa, ndiyo maana misituni ulikatwa sana.

Nunua miche. Mbegu huota polepole, tena kwa vipindi, na anayeanza hukata tamaa mapema. Kitaluni usishtuke ukikuta majani ya sindano yanayochoma. Mti ukikua hutoa vijani vidogo vilivyolaliana kama magamba. Wapo wanaorudisha miche wakidhani wameuziwa mti mwingine! Na panda kadhaa kama una nafasi, kwa sababu kuna miti dume na jike, na jike tu ndio huzaa vitunda vya rangi ya buluu iliyoiva vinavyopendwa na ndege.

Mahali ndipo penye kazi kubwa. Mtarakwa unataka jua. Msituni utaona miche yake ikichipua palipo wazi, si chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mteremko wenye mawe unaufaa. Bondeni maji yanapotuama mizizi huoza. Kwa kuwa unaweza kupita mita 30, uweke mbali na nyumba na nyaya za umeme. Panda masika yakishaanza, palilia mduara wa shina, weka matandazo yasiyogusa shina, na kiangazi cha kwanza umwagilie. Kisha uvumilie, maana haukimbii.

Zungushia uzio mapema. Mbuzi au panga likikata shina, kisiki hakichipui kama cha mkaratusi.

Kama uzio wako ni wa saipresi, kagua matawi kila kiangazi. Vidukari vya saipresi, wadudu wadogo wafyonzao utomvu vilivyofika Kenya mwaka 1990, hushambulia mtarakwa pia: utaona utomvu unaonata, ukungu mweusi, halafu matawi yanageuka kahawia. Na takataka zichomewe mbali kabisa, kwa sababu gome la mtarakwa ni jembamba, la nyuzi kavu, na linashika moto upesi.