Tulikubaliana elfu nane: je, kima cha chini cha serikali chanihusu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Mombasa. Dada anayetusaidia nyumbani namlipa shilingi 8,000 kwa mwezi. Analala kwetu na kula kwetu. Alipokuja aliridhia mwenyewe. Sasa rafiki yangu aniambia namdhulumu, kwa kuwa serikali imeweka kiwango cha juu zaidi. Mtume (s.a.w.) si alikataa kupanga bei?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Hadithi uliyoitaja ipo, ameisimulia Anas bin Malik (r.a.). Bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume awapangie, akasema Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei. Wengi huishia hapo. Lakini aliendelea: nataraji kukutana na Mola wangu hali hakuna anayenidai dhulma ya damu wala ya mali. Kwa hiyo alichokikimbia ni dhulma, na wewe hadithi hiyo hiyo waitaka ikulindie ujira mdogo.

Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, alipambanua kupanga kwa dhulma na kupanga kwa uadilifu, na ujira wa mafundi akauingiza humo: walipwe ujira wa mfano, yaani anaostahili mtu wa kazi ile. Sisi Mashafii wa pwani, vitabu vyetu vyashikilia kuwa kupanga bei ni haramu. Hata hivyo vyasema imamu, yaani mtawala, akishapanga, anayemkhalifu hutiwa adabu, ingawa biashara yake yasihi. Basi mkataba wako ni mkataba, wala sisemi ni batili kwa madhehebu yetu. Lakini kusihi kwa mkataba hakukuvui dhima.

Sheria ya Kenya yenyewe haina mzunguko. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6, mfanyakazi wa nyumbani katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kima chake kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na mapatano ya chini ya hapo hayakubaliki mbele ya sheria. Asiyepewa makao huongezewa asilimia 15 ya nyumba. Wako umempa chumba, hiyo imekuondokea. Sahani ya wali usiipigie hesabu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Dharr, aliamrisha watumishi walishwe tunachokula na wavishwe tunachovaa, na hao walikuwa watumwa! Aliye huru, anayeuza jasho lake, aanze kukatwa kwa ajili ya ugali?

Ama kuridhia kwake, niambie: alikuwa na njia gani nyingine? Msichana aliyefika mjini na nauli ya kuja tu hukubali chochote. Qur'ani yasema “wala msiwapunguzie watu vitu vyao” (7:85), na haikusema ila wakikubali.

Najua mshahara wa mwalimu wa shule ya kibinafsi, na huenda hiyo 16,000 ni nusu ya wako. Ukishindwa, punguza kazi: aje siku chache kwa wiki, alipwe kwa siku hizo, na nyingine atafute kwengine. Lisilofaa ni kumshika kuanzia alfajiri hadi usiku kwa nusu ya haki yake, tena pengine bila ile siku moja ya mapumziko ya wiki.

Kuhusu miezi iliyopita, ninavyoona ni deni. Mweleze kima ni kiasi gani na pengo ni ngapi, kisha mpatane namna ya kulipa, hata kidogo kidogo. Akitaka kusamehe ni hiari yake, lakini usimwombe msamaha huo amesimama mbele yako na ufagio mkononi, mkeo akimtazama. Mwache aende kwao kwanza, ashauriane na mamake, ndipo akujibu.

Wallahu aalam.