Kadi ya Tatu Haitupwi: Maswali Yenu Kuhusu Gofu ya Timu za Wanawake

SWALI: Naambiwa katika ubingwa wa dunia wa timu za wanawake wa ridhaa, nchi hupeleka wachezaji watatu lakini wanahesabiwa wawili tu. Huyo wa tatu anakwenda kufanya nini? Msomaji, Moshi

JIBU: Anakwenda kucheza kama wenzake, na hakuna anayejua ni nani wa tatu mpaka kadi zote za matokeo zirudi. Mashindano hayo, ya kombe la Espirito Santo, yalianza mwaka 1964 karibu na Paris, na wenyeji Ufaransa waliishinda Marekani kwa mkwaju mmoja, yaani pigo moja la mpira. Huchezwa siku nne, mashimo 18 kila siku. Kila jioni kadi mbili zenye mikwaju michache zaidi hujumlishwa, na kesho yake uchaguzi unaanza upya.

Tuchukue mfano. Siku ya kwanza Asha anapiga mikwaju 74, Neema 76, Rehema 81: timu inaandikiwa 150. Siku ya pili Asha 79, Neema 73, Rehema 75: inaandikiwa 148, na aliyeachwa sasa ni Asha. Siku ya tatu Rehema anaumwa, hachezi. Asha 75, Neema 77, jumla 152. Siku ya nne 74, 78 na 76, yaani 150. Timu inamaliza na 600. Rehema, ambaye siku ya kwanza mtu angemwita mzigo, kahesabiwa mara mbili. Angalieni pia hatari ya siku ya tatu: Rehema akiwa kitandani, kosa moja tu la Asha au Neema la kumwondoa mashindanoni lingeiacha timu bila matokeo ya siku hiyo.

Kuna sababu nyingine, na hii manahodha wengi huisahau. Timu zikifungana kileleni, kadi iliyoachwa siku ya mwisho ndiyo huamua. Mwaka 2006, huko Stellenbosch, timu ya Afrika Kusini ilifungana na Sweden ikatwaa kombe kwa njia hiyo. Mwaka 2022, nchini Ufaransa, Sweden wenyewe wakaitumia kuishinda Marekani. Kwa hiyo mchezaji aliyeharibu mashimo tisa ya mwanzo asiambiwe "jaribu bahati yako, hatukuhitaji tena". Anahitajika hadi shimo la 18.

SWALI: Binti yetu aliondolewa kwenye mashindano ya timu kwa sababu ya kadi, ingawa jumla aliipata sawasawa. Inawezekanaje? Mzazi, Nakuru

JIBU: Inawezekana kabisa, maana jumla si kazi ya mchezaji, ni ya kamati. Kazi ya mchezaji ni namba ya kila shimo. Akiandikiwa 4 mahali alipopiga 5, akatia saini na kurudisha kadi, anaondolewa hata kama shimo jingine lilizidishwa mkwaju mmoja na jumla ikalingana. Akiandikiwa 6 badala ya 5, ile 6 inabaki. Nafuu ipo pale kosa linapotokana na adhabu asiyoijua: hapo kamati humwongezea mikwaju ya adhabu bila kumwondoa.

Mfundisheni kusoma kadi shimo kwa shimo, kwa sauti, pamoja na mwenzake aliyemwandikia, kabla hajatia saini. Asikubali kuharakishwa mezani. Na kila mpira lazima utumbukie shimoni. Mazoea ya kuokota mpira ulio karibu na shimo, yaliyozoeleka kwenye michezo ya kirafiki, yameziumiza timu nyingi changa.

SWALI: Je, wanatimu wanaweza kushauriana uwanjani? Nahodha mpya, Dar es Salaam

JIBU: La. Kuwa timu moja hakuwapi ruhusa hiyo. Kumuuliza mwenzako ametumia fimbo gani ni adhabu ya mikwaju miwili. Kuuliza umbali hadi bendera ni halali, kwa kuwa umbali ni taarifa ya wote. Kedi wako, yaani mbeba fimbo zako, unaweza kushauriana naye wakati wote. Nahodha anaweza kushauri pale tu kamati ilipoweka kanuni ya kuruhusu timu kuteua mshauri, basi soma kanuni za mashindano kabla ya siku ya kwanza. Asubuhi, hesabu fimbo za kila mchezaji: mwisho 14. Ya 15 ina adhabu ya mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza ukiwa nayo, isiyozidi minne kwa raundi.

SWALI: Nikipokea zawadi ya fedha kwenye klabu, bado ni mchezaji wa ridhaa? Msomaji, Arusha

JIBU: Tangu 2022 unaruhusiwa kupokea zawadi, fedha taslimu zikiwemo, isiyozidi dola 1,000 za Marekani, ila fedha ziwe za mashindano yasiyotumia hendikapu, yaani nafuu ya mikwaju anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake. Kama umeshinda kwa hendikapu, pokea kikombe au vifaa ndani ya kiwango hicho, lakini bahasha ya fedha irudishe.