Mtoto hatamki K na G: unafuu tulioupata sisi wa Tanga

Pole dada. Umesema kijana wako ana miaka minne na nusu, kuku kwake ni "tutu" na gari ni "dari", na kliniki binafsi ya Dar imekutaka umpeleke kila wiki. Kila wiki kutoka Tanga! Nauli tu itakula mtaji wote. Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo, k zote t, g zote d, na leo yuko darasa la kwanza anasoma kwa sauti mpaka majirani wanachoka.

Kabla ya matamshi, anza na masikio. Mtoto wa mafua yasiyoisha anaweza kuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, anasikia nusunusu, nawe ukadhani tatizo ni ulimi. Nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, omba aonwe na watu wa masikio, pua na koo, wamwangalie na kaakaa. Kisera, mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye hospitali za serikali, kwa hiyo usingoje mpaka afikishe mitano. Dirishani wakikutajia bei usiyoiweza, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali. Kazi yao mojawapo ni kusikiliza wasioweza kulipa. Usitoke bila barua ya rufaa.

Sisi tulielekea Muhimbili, hospitali ya taifa kule Dar. Pale tangu 2017 wanapandikiza watoto vifaa vya usikivu, na watoto hao lazima wafundishwe kuongea, kwa hiyo tiba ya usemi ipo. Ingekuwa mdomo sungura au kaakaa lililo wazi ningekwambia hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, foleni utaikuta.

Unafuu wenyewe uko hapa: nilimwambia mtaalamu waziwazi, mimi natoka Tanga, kuja kila wiki siwezi, nifundishe mimi. Alifurahi! Akasema wazazi wengi wanamwacha mtoto mlangoni kisha wanakaa nje na simu. Akampima, akanipa mpango, nikawa namtumia video kwa WhatsApp, tukarudi baada ya miezi kadhaa. Pesa yako iweke kwenye vipimo na mpango. Mazoezi ya kila siku ni ya mzazi, na hayana bei.

Yetu yalianza kwa kusikia tu. Nilichora kaa kwenye karatasi moja na taa kwenye nyingine (namaanisha taa samaki, wote wawili utawakuta soko la samaki la Deep Sea asubuhi). Nataja mmoja, yeye anaonyesha. Alipozoea, tukageuza: yeye anataja, mimi nampa kile alichotamka, si alichokusudia. Akitaka kaa anapewa taa.

"Si huyu! Taa!"

"Si ndiye huyo nimekupa, taa."

Alikasirika kweli, akaitupa karatasi. Lakini ndipo alipoanza kujisikiliza.

Kuitoa sauti yenyewe ni kazi nyingine. Mlaze chali mkekani, mdomo wazi, ulimi unarudi nyuma wenyewe, kisha ajaribu "k" tupu bila irabu. Isipotoka, shikilia ncha ya ulimi chini kwa mpini wa kijiko, taratibu. Asukutue maji kooni pia, apajue mahali sauti inapotokea. Ikishatoka, nenda ka, ki, ku, halafu maneno, halafu sentensi. Dakika chache kila siku, kabla ya katuni. Nje ya muda huo mwache aongee. Akisema "tutu amekula", mjibu "ehe, kuku amekula" bila kumrudisha arudie.

Mtaani utaambiwa umkate kimeo. Usithubutu, watoto wanavuja damu na kupata maambukizi kwa jambo ambalo halihusiani na k wala g. Filimbi na puto pia utauziwa. Kupuliza hakufundishi herufi. Na akisema "lafiki" usihangaike sasa, r huchelewa kwa watoto wengi.

Shuleni ulizia kama yupo mwalimu wa elimu maalumu, kwa mfano aliyesomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu. Si mtaalamu wa usemi, lakini ukimwonyesha mpango ataelewa unafanya nini.

Kama sauti inatokea puani, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea, au ukimwita kwa nyuma hageuki, achana na mkeka na kijiko, muone daktari kwanza.

Siku ya miadi beba video ya mtoto akicheza na kuongea nyumbani, maana wengi wakiona koti jeupe hawafungui mdomo. Mjulishe na ndugu yako wa Dar mapema, foleni inaweza kukulaza huko.