Maswali ya wasomaji: Mwizi anatubu vipi ndani ya kurasa kumi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mhusika mbaya anayejirudi mwishoni mwa hadithi fupi, na wasomaji wanaokataa kumwamini. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu makosa yake tunayakuta karibu katika kila rasimu ya aina hii.

Ndugu wahariri, nimeandika hadithi ya maneno 2,500. Mhusika mkuu, Sefu, ni mweka hazina wa VICOBA (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) anayekula shilingi 840,000 za kikundi cha watu 28. Usiku mmoja anaota ndoto ya kutisha, anaamka analia, anakwenda kukiri na wote wanamsamehe. Wenzangu wanasema hawakuamini hata kidogo. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Tuanze na ndoto, maana ndiyo iliyoiua hadithi. Mtu aliyeiba akiwa macho hawezi kutubu akiwa usingizini. Ndoto, homa, radi na ajali ni mambo yanayompata mtu bila kuyachagua, na kujirudi ni kuchagua. Sadfa ina ruhusa ya kumwingiza mhusika matatani, lakini haina ruhusa ya kumtoa. Iondoe.

Pili, watu 28 ni wengi mno. Maneno 2,500 ni kama kurasa kumi za A4 zilizopigwa kwa nafasi mbili. Humo msomaji atashika watu watatu, wa nne kwa shida. Hela ya watu 28 ni hela ya hewani, haina mwenyewe. Punguza wizi, umpe sura mtu mmoja. Tuseme Bi. Tatu, muuza vitumbua. Siku ya kikao alikuwa anauguza mjukuu, kwa hiyo alimkabidhi Sefu marejesho ya mkopo wake, shilingi 60,000, pale barabarani. Sefu akazipokea na hakuzifikisha kikaoni. Daftari linasema Bi. Tatu bado anadaiwa. Shilingi 60,000 za mtu unayemjua zinauma kuliko 840,000 za kikundi.

Mabadiliko hayo yanaziba na tundu lingine. Katika rasimu yako Sefu anafungua sanduku peke yake usiku. Aliyewahi kukaa VICOBA anajua sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake wanashika wanachama watatu tofauti, kusudi asiwepo wa kulifungua pekee. Wizi wa mtu mmoja hupitia nje ya sanduku, kwenye hela iliyopokelewa kabla ya kikao. Msomaji akishaona hulijui sanduku, hatakuamini ukimweleza yaliyomo moyoni mwa Sefu.

Tatu, muda. Hadithi yako inatembea miezi kumi na moja, nusu yake ikiwa kisengere nyuma, yaani kurudi kusimulia yaliyopita. Ianze asubuhi ya siku ya kuvunja mzunguko, siku ya mgawo, ambapo deni ambalo halijalipwa hukatwa kwenye hisa za mdaiwa. Sasa saa inahesabu yenyewe, wewe huna haja ya kutengeneza taharuki.

Baada ya hapo panga kazi. Kosa lijulikane kabla ya neno la 400. Usilifiche ili ulifichue mwishoni, maana hadithi ya kujirudi si hadithi ya upelelezi. Kati ya 500 na 800 onyesha ufa: kitu kidogo ambacho Sefu hawezi tena kukifanya kwa raha. Tutaurudia ufa huu hapa chini. Karibu na neno la 1,600 mfungulie mlango wa kutokea, na hapa ndipo rasimu nyingi hukwama, kwa sababu mwandishi anadhani mhusika anapaswa kubanwa mpaka akiri. Kinyume chake. Aliyebanwa akakiri amekamatwa tu. Mpe salama kamili: Bi. Tatu amebisha, amechoka, mwisho anasema basi, kateni. Hakuna anayemshuku Sefu. Akinyamaza dakika mbili zaidi, mambo yamekwisha. Akisema katika dakika hizo mbili, msomaji atamwamini.

Na akisema, alipe. Deni likatwe kwenye hisa zake, cheo kiende, na mkewe awemo kikaoni, mkewe ambaye wiki iliyopita alishachagua bati za nyumba kwa kuutegemea mgawo huu. Usimwandikie mke hotuba. Mwangalie anavyoikunja karatasi ya fundi yenye idadi ya bati.

Ninaonyeshaje kwamba mtu anabadilika bila kuandika "alibadilika"? (Msomaji, Tanga)

Kiswahili kinakupa nyenzo ambayo wengi wanaisahau: viambishi vya wakati. Mazoea ya mtu yaandike kwa *hu-*, siku ya mgeuko iandike kwa *-li-* na *-ka-*. Mchukue Sefu huyohuyo:

"Kila Ijumaa huingia wa mwisho. Husimama mlangoni, huwasalimia wote kwa mpigo: 'Hamjambo?' Huketi upande ambao Bi. Tatu hayupo."

Ufa ndio huo. Bi. Tatu ni wa rika la mama yake, anastahili shikamoo. Sefu amegundua kwamba "hamjambo" ya jumla inamwepusha kuitamka. Hatujaandika dhamiri, hatujaandika kusutwa, lakini msomaji aliyelelewa uswahilini ameshaelewa kwamba kijana huyu ana jambo. Kisha:

"Ijumaa ile aliingia wa kwanza. Akakung'uta mkeka, akautandika, akaketi katikati."

Kubadilika kwa kitenzi kunatosha kumwambia msomaji kwamba leo si kama siku zote. Angalizo moja: *-ka-* hukimbiza. Sentensi tano mfululizo za *akaenda, akachukua, akasema* hugeuka ngano ya sungura na fisi. Unapofika kwenye kitendo chenyewe, punguza mwendo, rudi kwenye *-li-*.

Sasa tazama kilele kilivyokuwa katika rasimu moja tuliyoletewa: "Alijisikia vibaya sana. Dhamiri ilimsuta. Alitambua kwamba alikuwa amefanya kosa kubwa na tangu siku hiyo aliamua kuwa mtu mwema." Sentensi tatu, zote ziko ndani ya kifua, hakuna hata mkono mmoja unaosogea. Tukiipeleka kikaoni kwa Sefu inakuwa hivi:

"Katibu alisoma: 'Bi. Tatu, deni elfu sitini.' Bi. Tatu alifungua mdomo, akaufunga. Alifungua fundo la khanga, akatoa kitabu chake cha hisa, akakisukuma juu ya mkeka. 'Kateni.'

Sefu aliweka kiganja juu ya kitabu kile.

'Hiki kirudi,' alisema. 'Kateni changu.'"

Neno "kateni" limetoka kwa mdhulumiwa likaingia kinywani mwa mdhulumu. Na angalia kwamba bado hajakiri. Mwenyekiti atauliza, "Chako kwa nini?" Ungamo linalovutwa kwa swali huwa fupi, na likiwa fupi halifanani na mahubiri.

Urefu gani unafaa? Kuna mashindano nataka kushiriki. (Msomaji, Mombasa)

Soma masharti ya shindano lenyewe kwanza, maana yanatofautiana. Mfano, Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hutaka maneno 2,000 hadi 5,000, na imekuwa ikipokea hadithi za Kiswahili bila kudai tafsiri. Kwa hadithi ya kosa moja na malipo yake, 2,500 hadi 3,500 yanatosha. Kumbuka pia kwamba neno letu limebeba mzigo: "alimrudishia" lina mtenda, wakati, mtendewa na tendo. Maneno 3,000 ya Kiswahili ni hadithi ndefu kuliko idadi inavyoonekana, kwa hiyo usijaze nafasi kwa kuogopa kwamba ni fupi. Wahusika wakizidi wanne, au siku zikizidi mbili, jiulize kama si riwaya inayobisha hodi.

Nikitumia nafsi ya kwanza, mhusika aeleze toba yake mwenyewe? (Msomaji, Kigoma)

Inawezekana, ila "mimi" anayejisimulia akitubu huanza kujipigia makofi. Mwache ajitetee. "Nilizichukua kwa siku mbili tu, mtoto alikuwa anadaiwa ada" ni sentensi yenye nguvu kwa sababu msomaji anaona uongo ambao msimulizi hauoni. Kadiri hadithi inavyosonga, visingizio vipungue: vitatu ukurasa wa pili, kimoja ukurasa wa sita, hakuna ukurasa wa tisa. Ukimaliza, tafuta neno "nilijuta" kwenye rasimu nzima ulifute kila lilipo. Kama hadithi inaanguka bila neno hilo, ilikuwa haijasimama.

Shikamooni. Mhusika aliyetubu lazima asamehewe? Mwalimu wangu anasema bila msamaha hadithi haina funzo. (Msomaji, Lamu)

Marahaba. Si lazima, na kwa hadithi fupi mara nyingi tunashauri asisamehewe waziwazi.

Toba na msamaha zina wenyewe tofauti. Toba ni ya mkosaji. Msamaha ni mali ya aliyekosewa, na mwandishi akiugawa bure ukurasa wa mwisho amemdhulumu mtu huyo mara ya pili. Wanazuoni wa Kiislamu hutaja masharti matatu ya toba: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Kosa likigusa haki ya mtu linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Ukiwa mwandishi, hilo la nne ndilo lenye msuko. Majuto na azma viko kifuani. Kalamu ikivifuata humo inageuka mimbari. Kurudisha kunahitaji kutembea, kubisha hodi, kuhesabu noti mbele ya mtu anayekutazama.

Zakayo wa Injili ya Luka, sura ya 19, ni mfano mwingine mzuri, na kisa chake kina aya kumi tu. (Wakenya wamelitumia sana jina hilo kwa utani wa kodi, kwa hiyo ukimwita mhusika wako hivyo watacheka kabla hujafika mbali.) Mtoza ushuru huyu hasemi popote kwamba anajuta. Anasimama anataja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemnyang'anya kitu anamrudishia mara nne. Umati ulionung'unika aya moja tu nyuma hatuambiwi kama uliridhika.

Turudi kwa Sefu. Kesho yake alfajiri anakwenda kwenye meza ya vitumbua. Anasema, "Shikamoo, Bi. Tatu." Salamu aliyoikwepa tangu ukurasa wa pili imetoka. Bi. Tatu anageuza kitumbua. "Vingapi?" anauliza.

Hakusema marahaba, wala hakumfukuza. Kwa mwalimu wako unaweza kusema funzo lipo: msomaji amebaki na swali kama angeitikia yeye. Lakini usiliandike hilo kwenye hadithi. Maliza kwenye "vingapi", au Sefu ataje idadi, basi.

Mhusika wangu ni dereva aliyemgonga mtoto usiku akakimbia. Mtoto alikufa. Miaka miwili baadaye anaamua kwenda kwa wazazi kukiri, lakini njiani lori linamgonga naye anakufa. Je, kosa hili ni kubwa mno kwa hadithi fupi? (Msomaji, Bukoba)

Ukubwa wa kosa si tatizo, ila hesabu yake ni nyingine. Hela huibwa ikarudi, roho hairudi. Kwa hiyo usimtafutie malipo. Akipeleka ng'ombe au akimsomesha mdogo wa marehemu kwa siri, ananunua usingizi wake. Alichonacho cha kurudisha ni kimoja: habari. Kwa miaka miwili wazazi hawajui ni nani, na yeye anajua. Hadithi yako ni safari ya habari hiyo hadi mlangoni kwao, pamoja na kituo cha polisi anachokipita njiani. Aonekane akikitazama.

Lori ni ndoto ya Morogoro iliyovaa matairi. Ukimuua njiani umemlipia deni wewe, tena mahali ambapo alikuwa karibu kufanya jambo gumu kuliko kufa. Na wazazi wanabaki hawajui, jambo ambalo nadhani hukulikusudia.

Punguza ile miaka miwili iwe aya moja, anza asubuhi anayopanda basi, na mfikishe. Kama una maneno 300 yaliyobaki, mama afungue mlango na amkaribishe kiti kabla hajajua ni nani, kwa sababu ndivyo mgeni anavyopokewa, na kiti hicho kitamwia kigumu kukikalia. Kama yamebaki 50, hodi inatosha.