Kabla ya kukagua hati, kagua njia ya mtoto

Ndugu mleta mada, umeuliza kama watoto wako watakuwa huru zaidi kutembea ukihama mlimani Igogo, hapa Mwanza, kwenda kwenye viwanja vilivyopimwa Buhongwa. Mimi nilihama hivyo hivyo na binti wa miaka minane, na kwetu uhuru wake ulipungua.

Igogo tulipanga juu kabisa, kwenye majabali, ambako gari halifiki. Binti yangu alipotumwa chumvi, alishuka kwa ngazi za mawe huku ameegemeza kiganja kwenye jabali pale panapoteleza, na njia nzima alipita milangoni mwa watu: mama anayechambua mchele, fundi cherehani, bibi mwenye sinia la dagaa. Akichelewa, niliambiwa amesimama kwa nani. Mvua kubwa ikinyesha maji hushuka kwa nguvu kwenye makorongo, na siku hizo sikumtuma popote. Siku nyingine zote alijitegemea.

Buhongwa tulipata barabara pana na iliyonyooka, lakini kila nyumba imejificha nyuma ya ukuta na geti, hivyo hakuna anayeona kinachopita nje, na bodaboda huenda kasi kwa kuwa hakuna hata tuta moja. Paa la shule tunaliona tukiwa uani. Hata hivyo, kichochoro kilichokuwa kikikatiza kwenda huko kilizibwa kwa ukuta, ikabidi watoto wazunguke hadi barabara kuu ya Shinyanga, yenye malori na mabasi. Asubuhi ya kwanza binti yangu alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Igogo, na tangu siku hiyo nampeleka mwenyewe.

Nchini Uingereza, mtafiti Mayer Hillman na wenzake waliona kuwa mwaka 1971 watoto 80 kati ya 100 wa miaka 7 na 8 walikwenda shule bila mtu mzima, na mwaka 1990 walibaki 9 tu. Vifo vya watoto barabarani vilikuwa vimepungua, lakini watafiti hao walieleza kwamba barabara hazikuwa salama zaidi, bali watoto walikuwa wameondolewa humo. Nikijitazama kila asubuhi getini, naona ndivyo nilivyofanya.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, nenda huko na mwanao, mwache atangulie mpaka dukani na shuleni, nawe umfuate nyuma. Kisha uliza kwenye ramani ya mipango miji kama kichochoro alichopita kimeachwa kuwa njia ya umma, kwa sababu sisi hatukuuliza.