DrPH ya watu wa kazini: msianze na orodha ya masomo

Mkuu umesema chuo chenu kinataka kuanzisha DrPH, ile shahada ya uzamivu ya afya ya jamii kwa watu wa kazini, na mmekwama kwenye orodha ya masomo. Mi nilikaa miaka kumi na kitu kwenye CHMT, yaani timu ya uendeshaji wa afya, ya halmashauri moja kabla ya kuhamia kufundisha, nikaingizwa kwenye kamati ya mtaala kama huo, nakupa nilichokiona.

Tulianza vibaya. Tulichukua mtaala wa PhD, tukapunguza epidemiolojia, tukachomeka kozi mbili za uongozi, tukasema haya sasa hii ni ya vitendo. Vikao vinne vya chai na sambusa. Kikao cha tano tukaita watu wa wilayani na mkoani watoe maoni, basi mama mmoja mganga mkuu wa wilaya akatoa kwenye mkoba kitabu cha majumlisho cha MTUHA, zile takwimu za kituo zinazojazwa kwa mkono, jalada limebandikwa plasta, akafungua na simu akatuonesha DHIS2, mfumo wa kompyuta zinakoingizwa takwimu hizohizo, kituo kilekile mwezi uleule. Kitabuni malaria 61, kwenye mfumo 161. Akauliza, "Wanangu, huyo daktari wenu akihitimu ataweza kunyoosha hii, na ajue kwa nini nesi aliye peke yake zamu nzima anajaza takwimu saa tano usiku? Maana makala za kusoma ninazo tele." Kimya.

Tukafuta ubao tukaanza na swali moja tu, mhitimu anarudi kukaa kiti gani? Kama ni RMO, yaani mganga mkuu wa mkoa, au meneja wa mpango wa taifa basi lazima aweze kutetea CCHP, mpango kabambe wa afya wa halmashauri, mbele ya madiwani wanaotaka zahanati kila kijiji, asome bajeti, amsikilize nesi. Masomo yakajipanga yenyewe baada ya hapo. Someni ile orodha ya umahiri 20 wa DrPH ya mwaka 2016 ya CEPH, chombo cha Marekani cha ithibati ya elimu ya afya ya jamii, ni nzuri, ila msiinakili maana diwani hamtamkuta mle. Pale London School of Hygiene, kabla ya tasnifu mwanafunzi anaingia kwenye taasisi anachambua inavyofanya maamuzi, hilo niliiba bila aibu. Na FELTP yetu, ile programu ya kufundisha epidemiolojia na maabara kwa vitendo, ipo tangu 2008, ni ngazi ya masters lakini wanafunzi wanamaliza kama robo tatu ya muda fildi, kwa hiyo msiambiwe haiwezekani bongo.

Kasheshe yenyewe ni kazi ya mwisho. Maprofesa wetu waliiita PhD ya wavivu, tukabishana miezi. Tukafika hapa: tatizo litoke ofisini kwa mwanafunzi, mbinu za utafiti ziwe kamili na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, juu, wasimamizi wawili, mmoja wa chuo mmoja wa kazini, na huyu wa kazini atoe maksi sio aje kusaini tu na kula posho.

Halafu kuna kitu hatukukiona kabisa. Mwanafunzi wetu alichunguza dawa zinavyopotea kati ya stoo na dirisha la dawa kwenye ofisi yake mwenyewe, matokeo yakaanza kunuka, bosi aliyemsainia ruhusa akamwambia badilisha mada. Mwaka mzima ukaenda. Sasa kabla ya kudahiliwa mwajiri anasaini kwamba matokeo hayazuiwi, na anataja kwa jina atakayekaimu, maana barua ya ruhusa bila kaimu ni karatasi, ikija kampeni ya chanjo mwanafunzi anaitwa kazini katikati ya darasa. Na wiki za darasani msizipange msimu wa bajeti, sisi tulipanga, wakaja watatu.

TCU, tume ya vyuo vikuu, watauliza kama inafikia ngazi ya 10, ile ya uzamivu, na nani atasimamia, hesabuni walimu wenu mapema. Ukiwa na rasimu tupia hapa ukurasa wa kazi ya mwisho, hiyo orodha ya masomo baki nayo kwanza.